Mbuzi, Mtungi na Mimi: Siku Niliyojaribu Kuishi bila Plastiki

Kabla sijasema langu, natoa shukrani kwa kidato cha pili, maana mmoja wao ndiye aliyeniingiza katika mambo haya.

Bila shaka mnaukumbuka mjadala wa Chama cha Kiswahili wa muhula uliopita. Mada ilikuwa: "Plastiki ina madhara mengi kuliko manufaa." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilisema, nikasema tena, nikapiga meza. Nikataja bahari, nikataja mito, nikataja samaki ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwaona isipokuwa kwenye picha. Makofi yalilia pa! pa! pa! Basi ulipofika wakati wa maswali, kijana mmoja wa kidato cha pili, mfupi, sauti yake bado haijavunjika, akasimama akauliza kwa adabu zote: "Dadangu, hizo slipa ulizovaa ni za nini?"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama miguu yangu. Siku ile viatu vyangu vya shule vilikuwa kwa fundi, nami nilikuwa nimevaa slipa za buluu, plastiki tupu. Lo! Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Kura zilipohesabiwa upande wetu ulishinda. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikijua kwamba mimi nimeshindwa.

Usiku ule nikapiga moyo konde, nikaapa. Jumamosi itakayofuata, tangu adhana ya alfajiri mpaka isha, sitagusa plastiki. Nikachukua daftari na penseli (kalamu ya wino ni plastiki, si unajua) ili kila nitakachogusa kwa kushindwa nikiandike. Hayo niliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, na nawaambia mapema kwamba sikumaliza siku nikiwa na msimamo ule ule niliouanza nao.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba naichukia plastiki kwa sababu ya makofi ya mjadala. Sababu yangu ni mbuzi.

Mwaka 2022, kama mnavyokumbuka, ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo, na Isiolo yote ilinuka mizoga. Sisi tulikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa aliyebaki, jina lake Adi, yaani mweupe. Nyasi zilipokwisha Adi akaanza kuzurura mtaani akitafuta chochote cha kutia mdomoni. Siku moja akaacha kula. Tumbo likavimba kama ngoma, akalala ubavu, na siku ya tatu akafa. Baba alipompasua alitoa tumboni kitu kama mpira wa miguu wa watoto. Kilikuwa ni vipande vya nailoni, kamba na mifuko, vimesokotana na kushikana hata huwezi kuvitenganisha. Mmoja wa mifuko ile bado ulikuwa na maandishi yanayosomeka. Adi hakufa kwa njaa, wandugu. Alikufa ameshiba kitu kisichoyeyuka.

Sasa tazama tarehe. Mifuko ile, ambayo hapa kwetu tunaiita karatasi ilhali si karatasi, na wengine wanaiita juala, ilipigwa marufuku Kenya nzima kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Adi alikufa mwaka 2022. Kwa hiyo miaka mitano baada ya sheria, mfuko uliokwisha kukatazwa ulikuwa bado unaua. Hiyo ndiyo tabia ya plastiki: haina habari na sheria wala na kalenda.

Basi Jumamosi ikafika.

Alfajiri nilianza kwa ushindi. Mswaki wangu wa dukani ni plastiki kuanzia mpini hadi nywele zake, nikauacha. Nikakata kijiti cha mti wa mswaki, nikakitafuna ncha, nikasugua meno mpaka yakang'aa. Nilijiuliza: je, tunajua kwamba hili neno letu "mswaki" ni la mti kwanza, na kwamba kile cha dukani kimeazima jina tu? Nikajiona shujaa.

Ushujaa wenyewe haukufika mbali. Nilitaka kutia udhu. Birika letu la udhu ni la plastiki, la kijani, nadhani mko nalo nyinyi pia. Nikachukua kikombe cha bati. Nilitaka maji. Maji yetu yote yamo katika mitungi ya manjano ya lita ishirini. Nilisimama mbele ya mtungi kama mtu aliyesimama mbele ya askari. Ningeuinamishaje bila kuugusa? Nikamwomba mdogo wangu animiminie. Mara akko, yaani nyanya, ambaye alikuwa ameketi akinitazama tu, akasema: "Kwa hiyo dhambi ni kugusa, kumtuma mtoto aguse si dhambi?" Nikanyamaza. Nikaandika katika daftari: namba moja, mtungi.

Kisha nguo. Nilitoa dera langu nikasoma kile kikaratasi cha shingoni: polista asilimia mia. Polista ni nini? Ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Sketi ya shule, mchanganyiko wa polista. Buibui la mama, polista. Nikavaa leso ya pamba na blauzi kuukuu, lakini vifungo vya blauzi vilikuwa plastiki. Namba mbili. Slipa, namba tatu. Nilifikiria kwenda peku, nikakumbuka miiba ya Isiolo, nikaacha upuuzi.

Dukani nilikwenda na mkebe wa bati na gudulia la kioo. Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta, ila alinipimia sukari ndani ya mkebe na mafuta ndani ya gudulia, na hakudai senti zaidi. Sabuni alinikatia kipande kutoka kwenye mche, akakifunga kwa gazeti. Nilifurahi sana. Mkate sikuupata. Kila mkate umo ndani ya plastiki, na hilo si kosa la mwenye duka. Sheria ya 2017 ilikataza mifuko ya kubebea na mifuko bapa, lakini ikasamehe kile ambacho kiwanda chenyewe hufungia bidhaa inapotengenezwa. Ndiyo maana mkate, chumvi, majani ya chai, sabuni ya unga na biskuti bado vinatujia vimevaa nguo ile ile. Nikanunua mahamri kwa mama jirani, nikayatia ndani ya sahani.

Nilikuwa na mfuko wangu wa sokoni, ule mwepesi wa rangi unaofanana na kitambaa, ambao baada ya 2017 kila mtu aliununua akaona ameokoka. Ule nilikuwa nikiuita mfuko wa kitambaa. Kumbe! Mwalimu wetu wa kemia alikuwa ameshatueleza kwamba hiyo ni polipropilini, nayo ni plastiki kama plastiki nyingine, isipokuwa imesukumwa ikawa kama nguo. Namba tisa katika daftari. Hata kiondo cha mama muuza mboga, ambacho zamani kilisukwa kwa katani, kimesukwa kwa mikanda ya plastiki. Nilihisi kama mtu anayemkimbia simba na kila mlango anaoufungua anamkuta simba ameketi ndani.

Hadi hapo, wasomaji, ulikuwa mchezo. Sasa nakuja kwenye jambo ambalo si mchezo.

Mama yangu huuza maziwa ya ngamia. Yeye ni mmoja tu kati ya akina mama wengi wa Isiolo wanaoendesha biashara hii, na wengine, kama wale wa ushirika wa Anolei, wamejulikana hata nje ya kaunti. Maziwa hukamwa malishoni usiku na alfajiri, yakaletwa mjini kwa pikipiki na magari, kisha hupandishwa basi kwenda Nairobi, mtaa wa Eastleigh, safari ya zaidi ya kilomita 250. Yote hayo hufanyika kwa mitungi ya plastiki. Saa ndiyo adui. Ukichelewa, jua linayachachusha.

Jumamosi ile maziwa yalifika saa nne. Mama alikuwa na mgonjwa wa kumwona, akaniambia: "Chukua mtungi huu, peleka steji, basi linaondoka saa tano."

Nikasema: "Mama, leo sigusi plastiki."

Hakunigombeza. Alidhani natania. Akaondoka. Nami, kwa akili yangu yote ya kidato cha tatu, nikaenda kwa akko nikamwomba gorfa yake, kile chombo cha maziwa cha Waborana kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka hakivuji hata tone. Gorfa ilibeba lita chache tu. Yaliyobaki niliyamimina ndani ya sufuria mbili, nikazifunika kwa vitambaa, nikamwita mwenye mkokoteni. Tulifika steji saa tano kasorobo. Utingo alizitazama sufuria zangu akauliza: "Hii ni harusi ama?" Akakataa katakata. Alisema maziwa yatamwagikia mizigo ya watu, na haki ya Mungu hakukosea. Nikabembeleza. Nikakimbia nyumbani kuchukua mtungi, kiapo kimekwisha, pumzi zimekwisha. Niliporudi nilikuta vumbi tu.

Maziwa yale yaliuzwa hapa mjini jioni kwa nusu ya bei, na yaliyobaki mama aliyagandisha yakawa susa, ambayo pia huuzwa, lakini si kwa fedha ile. Fedha ile ilikuwa na kazi yake. Ilikuwa ni salio la karo yangu mimi mwenyewe.

Usiku mama aliketi karibu nami akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mwanangu, wewe unaichukia plastiki. Nami sijasema uipende. Lakini mimi ninauogopa mwezi wa kufungua shule." Basi. Hakusema zaidi. Ningependa angenipiga.

Akko ndiye aliyenifungua macho. Aliichukua gorfa yake akaipangusa, akaniuliza: "Unajua hii ina miaka mingapi?" Nikasema sijui. "Ina miaka mingi kuliko wewe. Naifukiza kwa moshi wa mti wa ejersa, maziwa yanakaa. Ikizeeka inaliwa na mchwa, inakuwa udongo." Akauonyesha mtungi kwa kidole. "Huo wa mamako una miaka sita. Zamani maji tuliyabeba kwa vyombo vizito mpaka mgongo unauma kabla ya kutia maji. Siku mtungi ulipokuja tulishukuru. Usiutukane." Kisha akauliza: "Na karatasi ya mkate ina miaka mingapi?"

Nikajibu: "Akko, hiyo haina hata saa moja."

"Basi," akasema, "mbuzi wetu hakula mtungi."

Ndipo nikafungua daftari. Tangu alfajiri nilikuwa nimeandika vitu 43. Nikavipanga katika safu mbili. Upande mmoja vile vinavyotumika mwaka na zaidi: mtungi, ndoo, birika, slipa, kiti, vifungo, kalamu ya kujaza. Vikawa 19. Upande wa pili vile vinavyotumika mara moja vikatupwa: karatasi ya mkate, pakiti ya majani ya chai, chupa ya maji ya barabarani, kijiko cha sharubati, kifuniko, pakiti ya peremende. Vikawa 24. Nilipoutazama ule upande wa pili niliona tumbo la Adi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ndiyo hii. Tunapigana na adui kwa kumpiga jirani yake. Mtungi ni chombo. Umewapunguzia mzigo mama zetu na punda wetu, na anayemwambia mwanamke wa Isiolo autupe bila kumpa kingine mkononi, huyo hajawahi kubeba maji. Simaanishi kwamba mtungi hauna ila. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii kuusugua, na mwingi ni ule ule uliokwisha kutumika kwa mafuta ya kupikia, kwa hiyo maziwa huharibika upesi. Madebe ya alumini yenye mdomo mpana ni bora zaidi, lakini ni ya bei. Basi atakayetaka tuache mitungi aje kwanza na madebe, kisha tuzungumze. Lakini kile kinachofanya kazi dakika kumi na kukaa ardhini miaka isiyohesabika, hicho si chombo. Hicho ni taka tangu siku kilipozaliwa.

Hata aliyeubuni mfuko wenyewe hakuutaka hivi. Alikuwa mhandisi Mswidi, Sten Gustaf Thulin, na kampuni yake, Celloplast, ilipata haki ya uvumbuzi ule mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake aliuona mfuko huo kuwa ni wa kutumika tena na tena, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mmoja umekunjwa mfukoni. Ubaya ulikuja pale mfuko ulipokuwa rahisi kiasi kwamba kuutupa ni nafuu kuliko kuukunja.

Hoja yangu ya pili inawahusu wale wanaosema: "Sheria hazisaidii, watu ni wale wale." Siyo kweli. Kenya ilijaribu mwaka 2007 na tena 2011 kuzuia mifuko myembamba ikashindikana. Mwaka 2017 Waziri wa Mazingira, Profesa Judi Wakhungu, alitoa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, faini ikawa kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Watengenezaji walilalamika kwamba ajira kama 60,000 zingepotea. Marufuku ikaanza hivyo hivyo. Waulizeni walimu walioishi hapa kabla ya siku hizo. Ukitoka mjini kuelekea Archers Post, miti ya miiba ilikuwa inachanua mifuko, mieupe, myeusi na ya buluu, kana kwamba ndiyo maua yake. Leo maua yale yamepungua sana. Haijaisha, nakubali, kwa maana bado kuna inayopenyezwa mipakani. Lakini imepungua. Rwanda ilitutangulia mwaka 2008, Zanzibar ilianza hata kabla, mwaka 2006, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Mwafrika habadiliki.

Hoja yangu ya tatu: mnunuzi peke yake hawezi. Mimi nilijitahidi siku nzima, nikaivunja familia mfuko, na bado nikahesabu 24. Sikuvichagua. Vilichaguliwa kiwandani kabla havijafika Isiolo. Bunge la Kenya limeshaona hivyo, maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji abebe jukumu la kile anachokiingiza sokoni hata baada ya kutumika. Hiyo ndiyo haki. Mambo ya dunia nzima yanakwenda polepole zaidi. Mataifa yalikutana hapa hapa Nairobi mwezi Machi 2022 yakakubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, lakini mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yaliisha bila mapatano. Wakubwa wakibishana juu ya meza, mbuzi wanaendelea kula.

Ndiyo, najua kuna watakaonijibu kwamba plastiki inaweza kugeuzwa kitu kingine. Kweli kabisa. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa na maelfu ya kandambili zilizotupwa ufuoni, wakaliita Flipflopi, likazinduliwa mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ni jambo la kujivunia. Lakini jahazi moja haliwezi kubeba taka za pwani nzima, sembuse za bara. Aliyejenga jahazi lile alitaka kutuonyesha kitu, hakutaka kutupa ruhusa ya kuendelea kutupa.

Basi tufanyeje sisi wa shule hii? Sipendi makala yanayoishia kulalamika, kwa hiyo natoa mapendekezo yangu, na mkiyapinga pingeni mwaka ujao katika jarida hili hili.

Mosi, kantini yetu itumie kanuni ninayoiita kanuni ya mbuzi. Kila kifungio kiulizwe: mbuzi akikila, atakufa? Kama atakufa, kisiuzwe ndani ya lango la shule. Miraa inatoka Maua kila siku na kufika hapa imefungwa kwa majani ya mgomba. Siisifu miraa, walimu msinielewe vibaya, nausifu mfungo wake. Jani likitupwa, mbuzi analila na kushukuru. Kama miraa inaweza kusafiri hivyo, mandazi ya kantini yatashindwa nini? Kila mwanafunzi aje na kibakuli na kikombe chake cha bati.

Pili, tuache kuchoma plastiki katika lile shimo la nyuma ya jikoni. Moshi ule mweusi una sumu, na unaingia moja kwa moja madarasani. Tuwe na mapipa matatu: la mabaki ya chakula, la karatasi za kweli, na la plastiki.

Tatu, chupa za plastiki tuzikusanye, tuziuzie wanaonunua kwa kilo, na fedha ziingie mfuko wa chama. Wazee wetu wanaikumbuka soda ya chupa ya kioo: ukinywa unarudisha chupa, la sivyo unalipia. Hakuna mtu aliyeitupa chupa ile barabarani, kwa maana ilikuwa fedha. Kitu chenye bei hakizagai.

Nne, Chama cha Kiswahili kiandike barua kwa Bunge la Kaunti ya Isiolo, kiombe akina mama wa maziwa wasaidiwe kupata madebe ya alumini kwa mkopo nafuu. Tukiweza kuandika insha za kurasa nne kuhusu "Siku Sitakayoisahau", barua ya ukurasa mmoja haitatushinda.

Sasa nimalizie kwa deni langu. Tangu Jumamosi ile, kila jioni mimi ndiye ninayeosha mitungi ya mama kwa maji moto na mchanga mwororo, nikiitikisa mpaka mabega yanauma, kwa sababu mkono hauingii. Jumamosi iliyofuata maziwa yalikuja mapema. Niliubeba mtungi mwenyewe hadi steji, nikamkabidhi yule utingo. Akanitambua. Akauliza: "Leo sufuria ziko wapi?" Nikamwambia ziko jikoni, zinapika. Salio la karo bado halijaisha, lakini linapungua.

Na wewe kijana wa kidato cha pili, kama unanisoma: slipa zile za buluu bado ninazo. Zimekatika mara mbili nikazishona kwa waya. Nitazivaa mpaka zikatae kushoneka, na siku hiyo sitazitupa mahali ambapo mbuzi atazipata. Hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile, na ilinichukua Jumamosi moja na mtungi mzima wa maziwa kulipata.